Kiti Nilichompimia Mama

Wateja wanaokuja kwenye karakana yangu hapa Njoro huniuliza mbona viti vya seti moja nimevilinganisha vyote, mbona hakuna kile kikubwa cha mzee. Mimi huwajibu kwamba sikitengenezi. Wengine huondoka wakisonya. Waende.

Nyumbani kwetu, huko juu kihambani, kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa, kiti chenye egemeo na mikono kilikuwa kimoja tu, cha baba. Watoto tulikaa kwenye benchi. Mama alikaa kwenye kigoda kifupi, magoti yakikaribia kidevu, na hapo alimenyea ndizi na kuchambulia kahawa miaka yote. Magoti yake yalipoharibika, ikawa hawezi kusimama mpaka ashike ukuta. Baba alimwangalia akihangaika, wala hakusogeza hata mguu wake kumpisha.

Nilipopata banda langu mjini, biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, maduka yamejaa viti vya plastiki na makochi ya kutoka nje. Mafundi wenzangu waliiga picha za kwenye katalogi, wakachonga maua na vichwa vya simba. Mimi kazi ya kwanza niliyoibuni mwenyewe ilikuwa kiti cha mama. Nilimkalisha kitandani nikampima kwa kamba, kutoka kisigino hadi chini ya goti, kutoka nyonga hadi begani.

"Unanipimia jeneza?" akauliza.

"Kiti, mama."

"Baba yako ataruhusu?"

Nilikitengeneza kwa mbao za mringaringa, bila msumari hata mmoja. Nilikiinua asiwe anashuka mbali, na mikono nikaitokeza mbele kidogo apate pa kujisukumia. Nakshi sikuweka. Kisichomsaidia mtu kukaa au kusimama nilikiacha, na mpaka leo sina kanuni nyingine.

Jumamosi nikakipandisha kihambani kwa pikapu. Baba alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hicho cha nani?"

"Cha mama."

Akakizunguka, akakishika mkono. "Mwanamke akalie kiti cha namna hii ndani ya nyumba yangu, mimi nimekufa?"

"Magoti yake yamekwisha. Unayaona kila siku."

"Umekuja kunifundisha kuishi na mke wangu?"

Nikamwambia kama angekuwa anajua, nisingekuja. Hakunipiga, lakini alikibeba kile kiti mwenyewe, akakipeleka kwenye banda la ng'ombe, akakitupa juu ya majani.

Mama alikuwa ameshika fremu ya mlango. Alitoka taratibu, akaingia bandani, akakisimamisha kiti, akakaa. Saa ya chakula ikafika, jiko halijawashwa. Baba akamwita mara mbili.

"Nimekaa," mama akajibu kutoka bandani.

Tangu siku hiyo alihamishia shughuli zake huko. Alimenya ndizi bandani, akapokea wageni bandani, na majirani waliokuja kumsalimu walisimama kwenye samadi na kanga zao safi. Baba alikula peke yake sebuleni. Aliona aibu mbele ya watu, lakini hakukirudisha kiti ndani. Na mimi alikoma kunisemesha. Nikifika na shikamoo yangu, alitoka kwa mlango wa nyuma.

Baba alifariki tukiwa hivyo. Baada ya mazishi kaka zangu walikiingiza kiti cha mama sebuleni, kisha wakaniomba nikaze miguu ya kile cha baba, ilikuwa imelegea. Nikakataa. Kaka mkubwa akaniita mtu asiye na adabu, mbele ya wajomba.

"Basi mwacheni," mama alisema. Kisha akanigeukia. "Wewe na baba yako roho ni moja. Hakuna anayejua kuacha."

Sikupenda kusikia hilo. Nilirudi Njoro jioni ileile. Kiti cha baba alikikaza fundi mwingine, kwa misumari.