Siku Niliyomshusha Moses Farasini

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, mwanangu, katika uwanja wetu wa majani nje kidogo ya Kyambogo, ambako nilikuwa nikifundisha vijana kuruka viunzi kwa farasi. Vita vilikuwa vimepita miaka kadhaa, na mji ulikuwa na hamu ya kucheza. Mimi ni binti wa askari kutoka kaskazini. Kiswahili nilikikuta kambini, mapenzi ya farasi nikayapata ukubwani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilijiona.

Helmeti zilikuwepo, zimetundikwa mlangoni mwa banda. Kila asubuhi nilisema, "Jamani, nawashauri mvae," kisha nikaangalia pembeni. Niliogopa kuitwa mkali.

Siku hiyo Furaha, binti wa mama Mkongo aliyeuza dagaa soko la Kalerwe, alikuja amesukwa nywele upya.

"Dada, nimekaa kwa msusi mpaka mgongo unauma," alisema. "Hii helmeti itaniharibu."

"Basi leo panda hivyo hivyo, mrembo," nikamjibu, tukacheka.

Farasi alikataa kiunzi cha tatu. Alisimama ghafla, Furaha akaruka peke yake, kichwa kikagonga nguzo. Alipofumbua macho hospitalini, alimsalimu mama yake kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mgeni. Siku tatu alikaa hivyo. Mungu ni mwema, alipona. Lakini uso wa yule mama sijausahau.

Niliporudi bandani nilijitetea kwa Mzee Okello, polisi mstaafu aliyekuwa mtunza farasi wetu. "Mzee, mimi nilimshauri."

Aliendelea kufuta hatamu kwa kitambaa. "Mwalimu, farasi unamuombaga avae lijamu, kile chuma cha mdomoni?"

"Hapana."

"Unamvalisha tu. Anakataa, unamvalisha. Sasa mtoto wa watu ndiye unamuomba?"

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi niliwachelea wanafunzi wangu kununa, na aliyelia ni mama wa mwingine.

Kesho yake niliandika mlangoni kwa chokaa: asiye na helmeti hapandi. Kuandika ni rahisi, mwanangu. Mwezi uliofuata yakaja mashindano. Wageni walifika kutoka Nairobi, wazazi wakajaa. Tegemeo letu la kombe alikuwa Moses, kijana wa Kawempe, ambaye hata mimi sikuweza kumfikia kwa kuruka. Alikuja na kapelo ya kitambaa, akapanda.

"Moses, helmeti."

"Eh, madam! Mimi si Furaha. Umeniona wapi nikianguka?"

"Shuka."

"Bila mimi mnashindwa, unajua?"

"Najua. Shuka."

Alishuka, akanitupia hatamu, akaondoka bila kugeuka. Wenzake walinizomea. Tukawa wa mwisho, wageni wakaondoka na kombe wakiimba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini nakiri, koleo lile liliniuma. Hata hivyo nilitembea kifua mbele, maana kila niliyempandisha farasi siku ile alirudi kwao akimjua mama yake. Na mama wa Furaha, aliyekuwa kwenye umati, alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Moses alirudi baada ya wiki mbili, uso umekunjamana, helmeti kichwani. Leo naye anafundisha, na nasikia ni mkali kunishinda. Najivunia hilo kuliko kombe lolote, na sioni haya kulisema.

Basi sikia, mwanangu, nawe unayekwenda kufundisha. Kushauri kuna mahali pake. Mshauri mtu achague farasi gani, aruke lini, apumzike lini. Lakini palipo na uhai wa mtu uliyekabidhiwa, ushauri ni njia ya mwoga ya kujitoa lawamani. Weka sharti, nawe uwe wa kwanza kulitii. Ulishike hata kwa yule unayemhitaji kuliko wote, maana sharti linalomwogopa hodari halimlindi mnyonge. Watu husema ajali haina kinga. Kichwa kinayo; mvalishe.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka mbele ya unaowapenda. Akupe kuchukiwa kwa siku chache na kushukuriwa kwa miaka mingi. Na wote utakaowafunza wakuzike wao, wakiwa wazima, nawe ukiwa umeshiba siku. Amina.