Glavu Ilooshwa Mara Saba

Mpira ulishuka kutoka juu, nikauwekea glavu, ukagonga ngozi iliyokakamaa kama papa mkavu, ukaruka ukaanguka chini. Mzungu alokuja kuchagua vijana wa kwenda kufunzwa besiboli kwao akatikisa kichwa, akamwita mwengine.

Leo nimepanda gari jipya la mwanangu pale mtaa wa Wattaya, harufu ya ngozi ya viti ikanirudisha ujanani. Glavu ile alinipa jirani yetu Mmarekani. Kila alasiri, kwenye uwanja wa vumbi mtaani kwetu Darsait, nilisimama nyuma kabisa nikidaka mipira ya juu, na hakuna ulonipita. "Huyu atalipwa kwa kucheza," jirani akasema.

Siku moja kabla ya majaribio, ami, ndugu yake baba, akainusa glavu.

"Hawa ngozi yao nguruwe tu. Unaingia nayo nyumba ya watu wanaosali?"

"Ya ng'ombe, ami, wallahi!"

"Kwani ulimchinja wewe?"

Bibi mzaa baba akacheka. Ami akaiosha mara saba, moja kwa udongo, kama inavyotoharishwa najisi ya nguruwe, akaianika juani.

Ndani ya glavu imeandikwa kwa Kiingereza kuwa ni ngozi ya ng'ombe. Mimi skuli sikufika mbali, nilikuja kusomewa nishakuwa mtu mzima. Lakini wewe, ami, ulikuwa karani wa serikali, Kiingereza ukikisoma. Bado u hai, upo mtaa wa Qurum, unakunywa kahawa yako. Basi nijibu: maneno yale uliyaona kabla hujaitia maji, au baadae?