Hodi Msituni

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, huongoza wageni katika msitu wa hifadhi. Jirani aliniambia kwamba kila kona anapiga hodi, na watu wanamwita mwehu. Nikaenda kumkanya, maana jina la ukoo si la kuchezewa.

Ukungu ulitanda majanini kama chandarua.

"Hodi!" shemeji akaita tulipofika kona ya kwanza ya njia.

Mbega wakatupisha taratibu juu ya miti, mikia yao myeupe ikielea kama moshi.

"Umeona, shemeji? Wenye nyumba wametukaribisha."

Maneno ya kumkanya yakaniishia. Kona iliyofuata nilipiga hodi mwenyewe, kwa sauti ndogo.

Niliporudi, jirani akauliza, "Haya, mwehu wenu hajambo?"

"Ukoo wetu," nikamjibu, "hauingii kwa watu bila hodi."