Kilima cha Maboksi Nilichomjengea Baba

Admin, tafadhali jina langu lisionekane popote, watu wa kanisa letu wanasoma hii page. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba. Ninaishi Noonkopir, hapa Kitengela, na baba yangu mzazi. Nashona mapazia nyumbani. Mume sina, kwa hivyo wale mtakaokuja na "mwambie mume wako" mtulie kwanza. Naandika nikilia, makosa mnisamehe.

Baba alikuwa kwa gangi ya reli, wale wa kutengeneza njia, ile laini ya Kajiado kwenda Magadi. Mama alifariki, tukamzika shambani kwetu Kajiado, chini ya mti wa oltepesi, ule mgunga wa kwetu, bila saruji wala msalaba. Tulizungushia mawe tu, ndivyo alivyotaka mwenyewe. Baadaye macho ya Baba yakaisha kabisa. Akaliandikisha shamba kwa majina yetu wawili, mimi na kaka yangu mkubwa, akisema asiyeona hawezi kulinda ardhi. Baada ya hapo akanyamaza. Siku nzima kitini, chai inapoa mbele yake.

Siku moja nikamletea treni ya kuchezea ya betri, ya mitumba, na vipande vyake vya reli. Aliipapasa, akauliza, "Na hii inaenda wapi?" Basi nikaanza kumjengea pa kwenda.

Nilitandika plywood juu ya meza. Vilima nilivitengeneza kwa vipande vya maboksi, juu yake magazeti, juu yake plasta. Nyasi ni unga wa mbao nilioutia rangi, miti ni vijiti na sponji. Mchanga nilitaka wa kweli, uliochungwa kwa chujio la chai. Baba akawa ndiye msimamizi, na alinisumbua kweli! "Nakerai," ndivyo anavyoniita, yaani mtoto kwa Kimaa, "hii kona ni kali, treni itaanguka." "Hapo kuna daraja, umesahau daraja." Alikuwa anaongea tena. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo maishani.

Sasa sikieni ujinga wangu. Siku ya kumwaga plasta ya kilima cha shamba letu, kaka yangu aliingia na karatasi. Plasta ukishaikoroga una dakika chache tu, ikishika imeshika. Mikono yangu ilikuwa nyeupe mpaka viwiko. Akasema, "Sis, sign hapa haraka, ni ya stima, wanataka kupitisha nguzo kwa shamba." Nikafuta vidole viwili kwa aproni, nikatia sahihi mahali patatu bila kusoma hata neno moja. Kitambulisho nikamwambia achukue mwenyewe kwa mkoba apige kopi. Tena nikamfukuza, nikamwambia ananiharibia kilima.

Mwezi uliopita Baba akasema kilima kimekamilika, kimebaki mchanga wa kwetu pale Mama amelala. Nikaenda Kajiado na mfuko wangu. Nikakuta ua wa mawe na geti. Oltepesi imekatwa, kimebaki kisiki. Yale mawe ya Mama hayapo, tingatinga limesawazisha kila kitu. Mlinzi akaniambia, "Madam, hii ni ya mwenyewe. Muuzaji alisema hakuna mtu amezikwa hapa, ni mawe tu."

Nilikaa chini palepale nje ya geti nikalia kama mtoto. Nikampigia kaka yangu. Hata hakukana. Akasema, "Si ulisign? Mzee haoni. Si uko na shamba hapo kwa meza yako? Mwache akae na hiyo." Akakata simu.

Nilirudi na mfuko mtupu. Nikachota udongo kwa mjengo wa jirani, nikauchunga, nikauweka kilimani chini ya kale kamti ka sponji, ndiyo oltepesi ya Mama. Baba akausugua kati ya vidole. Akasema, "Hii ni udongo wa black cotton. Hii umetoa hapa Kitengela." Nikamdanganya kwamba mvua iliharibu barabara, sikufika. Akanipapasa kichwa, akasema, "Pole, nakerai. Jumamosi tutaenda wote. Nitachota mwenyewe, na nimsalimie mama yako."

Nimemwambia kaka yangu tumweleze Mzee pamoja. Anasema nimpeleke Baba kwa oltepesi nyingine yoyote barabarani, aguse, achote, turudi, hatajua. Na mimi, Mungu anisamehe, nimeshafikiria ni ipi. Kuna moja kabla ya kufika mjini. Lakini aliyejua udongo kwa vidole hawezi kukosa kujua mti. Na hata asipojua, nitasimama vipi kando yake nikimwangalia akimsalimia Mama mahali ambapo hayupo?

Nikimwambia ukweli, itabidi nimwambie pia kwamba sahihi ni yangu. Naogopa atanyamaza tena, na safari hii asirudi. Wakili nimesikia mtu akisema nitafute, na nitatafuta, lakini wakili hawezi kuniambia nimwambie nini Baba.

Kila asubuhi Baba anaiwasha treni, anaifuata na kidole. Ikifika kwa kilima anaizima kidogo. Anagusa kale kamti, anaulizia hali ya Mama kwa Kimaa, halafu anaiwasha iendelee. Mimi niko pale kwa cherehani, naendelea kushona.

Leo ni Alhamisi. Ameshaniomba nimpigie pasi shati lake la kanisani. Nishaurini jamani, Jumamosi nimpeleke wapi baba yangu?