Nyigu wa Mkwe Wangu

Enzi za Mwingereza nilifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu kule Iramba, na cheo changu kilikuwa kikubwa mno: kufukuza nyigu. Tanuru la kuyeyushia dhahabu liliwaka kwa gesi ya mkaa, iliyopita kwenye mabomba na kutokea kwenye vichomeo, yaani vyuma vyenye vitundu vidogo vidogo. Jumamosi moto ukizimwa, nyigu walijenga kwa udongo humo vitunduni. Jumatatu gesi haipiti, na anayewaka ni mzungu badala ya tanuru. Kwa hiyo kila Jumapili, wenzangu wamejipumzikia, mimi nilishika ufagio nikapigana na wadudu kwa niaba ya Mfalme.

Mnyapara wetu alikuwa Mnyaturu mwenzangu, mtu wa Mungaa, baba wa binti niliyemchumbia. Kwetu mkwe humtazami usoni, sembuse kumbishia. Nilikuwa nimeshapewa ruhusa ya kuondoka Jumatatu kwenda kuoa, naye akaona anisaidie. Alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki, na kwa mtu wa mizinga hakuna tundu duniani lisilozibwa kwa nta. Jumamosi akaziba vitundu vyote kwa nta aliyoitoa nyumbani kwake, nyigu wasipate pa kujenga. Moto ukiwashwa itayeyuka yenyewe, alisema. Nikamtuma mwenzangu amweleze, kwa adabu zote, kwamba itayeyukia ndani. Jibu likarudi kwamba anayetaka kuoa ajifunze kunyamaza. Basi nikanyamaza, maana kuoa nilitaka.

Jumatatu nta ikayeyukia ndani kwa utiifu mkubwa, ikashikana na masizi, tanuru likakohoa na kuzima. Mzungu akachokonoa, akatoa donge jeusi lenye kuteleza, akaniuliza ni kitu gani. Kabla sijafungua mdomo, mkwe akanijibia.

"Nyigu, bwana."

Wanyaturu wote pale, watu waliokulia kwenye mizinga, wakatazama chini. Nyigu wenye nta, jamani! Mzungu, na shule yake yote, akaniuliza kama ni kweli. Nikikana, sina mke. Nikikubali, kosa ni langu, maana nyigu ndiyo kazi yangu.

"Ndiyo, bwana. Nyigu."

Ruhusa yangu ikazuiwa papo hapo, mpaka vichomeo vipitishe gesi. Mkwe, kwa kuwa ni baba wa bibi harusi, akaruhusiwa kwenda harusini. Harusi yangu mimi! Nikabaki nachokonoa kwa waya, nikimwaza bwana mmoja wa Sepuka aliyekuwa akimmezea mate binti yule siku nyingi, na ng'ombe wake wako tayari.

Nilifika Mungaa siku yenyewe imeshapita na mbuzi ameshaliwa. Wazee walikuwa wamekaa, wanasema bwana harusi asiyejali siku yake hafai, huyo wa Sepuka aitwe. Mkwe alikuwa anaitikia kwa kichwa huku anachokonoa meno. Niliwaamkia shikamoo, nikainama, sikujitetea.

Binti akatoka ndani, ilhali desturi ilimtaka ajifiche. Akanishika mikono, akainusa mbele ya wote.

"Baba," akasema, "mikono hii inanuka nta ya mizinga yetu."

Mkwe akaanza kukohoa, na kikohozi kile kilichukua muda. Kilipokwisha, akainua macho yake juu kwenye paa.

"Mpeni mkewe," akasema. "Waondoke jua halijazama."