Nani Afungwe Kizazi

Mimi ni mzaliwa wa Unguja mjini, lakini ukiniona leo hutadhani. Nililetwa Oman ningali kigori, nikaozwa Mudhaibi, mkoa wa Sharqiyah, kwa mume wa Kibedui, na tangu mwaka ule navaa barakoa ya kwao, ile ya kitambaa kigumu inayoziba paji na pua ikabakisha macho tu. Mume amekwisha kufa, Mungu amrehemu, barakoa imebaki. Sasa watu wetu, waliorudi kutoka Unguja na Pemba na wale waliotoka bara, wana tabia moja: wakitaka kusema siri mbele za watu, huacha Kiarabu wakaingia Kiswahili. Na wakiiona barakoa ndiyo hujiachia kabisa, wakidhani Mbedui hajui Kiswahili. Kwao mimi ni kiti.

Nami huwa nanyamaza. Nitasema kweli, maana ndiyo niliyokusudia kuisema: nilikuwa nanyamaza kwa raha. Dukani, benki, hospitali, nimesikia ya mawifi na ya talaka, nimesikia hata wanaoniteta mimi mwenyewe, eti mimi Hamda nanuka udi wa juzi. Nikirudi nyumbani namsimulia binti yangu Samah, tunacheka mpaka machozi yanatutoka. Nilikuwa najiona mjanja kuliko watu wote wa Sharqiyah.

Siku ile nilikuwa hospitali nangoja kupimwa presha. Mbele yangu walikaa mtu na mkewe, wametoka chumbani kwa daktari wakaambiwa wangoje karatasi. Mume akiitwa Ghanim, mke Turkiya, kiasi miaka arobaini. Niliyajua majina yao, na mji wao, kwa midomo yao wenyewe: wametoka Samail, wameendesha saa nzima na ushei makusudi ili wasionekane na jamaa. Wakaanza Kiswahili palepale.

"Daktari umemsikia," Turkiya alisema. "Nikizaa tena kwa kupasuliwa, mara ya tano, huenda nisiamke. Kitanzi nilitia, nikatokwa na damu miezi sita. Vidonge vinanipandisha presha. Sindano nilichelewa mara moja tu, nikapata mimba ya Hiba. Kilichobaki ni kufunga kabisa. Ama mimi, ama wewe."

"Funga wewe. Nishakwambia sahihi nitatia."

"Tumbo langu lishapasuliwa mara nne, Baba Shihab. Kasema ndani kumegandana, wakiingia huenda wakautoboa utumbo. Wewe ni ganzi na robo saa, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Utavimba siku mbili tatu, uweke barafu. Halafu tutajikinga miezi mitatu, mpaka wakupime waone hamna kitu. Khalas."

Ghanim aliinama. "Na nguvu?"

"Nguvu haziondoki. Kakwambia mwenyewe."

"Yeye mwanamke. Atajuaje?"

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo wangu. Ndugu yangu Muslim, anayekaa Sur, alifanyiwa operesheni hiyohiyo miaka kumi nyuma kwa sababu mkewe ana maradhi ya moyo. Aliniambia mimi peke yangu, na kila tukionana hunihakikishia kwamba hakupungukiwa na kitu, mpaka nimekwisha kumkataza kunieleza. Ningelisema maneno mawili tu, bila ya kumtaja jina: mwanangu, namjua mtu. Yalinifika mdomoni nikayameza. Na sikunyamaza kwa adabu, jamani. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kusikia mwisho wake.

Turkiya alikuwa analia kimyakimya, anajifuta kwa ncha ya shela. Ghanim alimsogelea. Kisha akasema kwa sauti ndogo, hata ikanibidi nitege sikio, "Haya. Nitafanya mimi. Lakini asijue mtu, Turkiya. Si mama, si ndugu zangu, hata mtu mmoja."

"Nani atajua, mume wangu?"

Simu yangu ikalia. Alikuwa Samah, na mimi na Samah hatusemi Kiarabu sisi wawili. Nikaipokea kama ninavyoipokea kila siku, "Bado, mwanangu, sijaitwa. Wali uepue usiungue."

Nilipoinua macho walikuwa wananitazama wote wawili. Uso wa Ghanim ulibadilika rangi. Nikataka kutengeneza, nikaharibu zaidi; nikawaambia kwa Kiswahili kilekile, "Nisameheni, wanangu." Akainuka akatoka bila ya kugeuka nyuma. Turkiya akabaki kidogo na mkoba mapajani, hajui amfuate mume au angoje karatasi, halafu na yeye akatoka. Siku ile nilipofika nyumbani Samah aliniuliza, leo umesikia nini? Nikamwambia sikusikia kitu.

Ilipita miezi minne. Radhia, mtoto wa shoga yangu, kaolewa Samail, akanipigia simu kunieleza habari za huko, na katikati ya maneno akasema jirani yake Turkiya, mke wa Ghanim, kafanyiwa amaliya, yaani operesheni, ya tumbo, eti uvimbe. Utumbo ulitoboka, wakampasua mara ya pili, kalala hospitali wiki tatu, na sasa hata mtoto hawezi kumbeba. Radhia akaendelea na mengine. Mimi nilikaa chini. Niliijua amaliya hiyo ni ipi, na nilijua kwa nini ilimwangukia yeye. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe, na nilikuwa peke yangu chumbani.

Nikamwambia Samah anipeleke Samail. Nilichukua halwa na chupa ya kahawa kama anayekwenda kumtazama mgonjwa. Mlango alifungua Ghanim mwenyewe. Aliitambua barakoa.

"Shikamoo, bibi."

Afadhali angenitukana. Nikaitika marahaba, akaniweka majlisi, chumba cha wageni, Samah akabaki garini kama nilivyomwomba. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

"Nimekuja kuomba radhi, mwanangu. Mlikuwa mshapatana, nikaharibu. Nilikuwa nafahamu kila neno tangu mwanzo na nilinyamaza makusudi. Yaliyomfika mkeo yametoka kwangu."

Ghanim alitazama mlango wa ndani, akasogea karibu. "Usijitwike hayo, bibi. Siku ile nilipoinuka haikuwa kwa haya. Nilifurahi."

"Ulifurahi?"

"Nilishasema nitafanya, na palepale nikawa naomba kitokee kitu. Simu yako ikalia. Hospitali nyingine zipo, Maskati ipo. Kaniomba mara tatu baada ya siku ile. Kila mara nikamwambia, yule bibi kasikia, watu washajua, nitauweka wapi uso wangu? Mpaka akachoka, akasema basi atafunga yeye." Akavua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Yeye hajui. Wallahi sijui nitamwambiaje. Nakuomba, bibi, asijue."

Nilitaka kumtia kofi. Mtu mzima, ana watoto wanne, kajificha nyuma ya simu ya kizee! Lakini mkono wangu ulikuwa mzito, kwa kuwa kama si simu ile asingekuwa na pa kujificha.

Mlango wa ndani ukafunguka. Turkiya aliingia anajishika ukutani, mkono mmoja tumboni, kakonda amekuwa mwengine. Akanitazama, akanijua. Alikaa chini taratibu, kwa maumivu, na Ghanim akakimbia kumwekea mto.

"Mimi sina kinyongo nawe, bibi," alisema. "Lakini ulimvunja mume wangu. Alikuwa tayari kunifanyia jambo ambalo wanaume wa hapa hata kulitaja hawalitaji. Haya ndiyo iliyomshinda. Ni mtu wa haya sana huyu." Alisema hivyo anamtazama, na kwenye uso ule uliokonda niliona fahari.

Ghanim alikuwa ameinamia zulia. Kama ningesema, ningemwondolea mwanamke yule kitu pekee alichotoka nacho katika mambo haya yote. Na kama ningenyamaza, ningekuwa nimenyamaza tena. Mpaka leo sijui lipi lilikuwa la sawa, na sina wa kumuuliza.

"Kosa ni langu, mwanangu," nikamwambia. "Nisamehe."

Turkiya akanishika mkono. Akasema kanisamehe duniani na akhera, na mumewe akaitikia amin.