Kopo la Shangazi Wodini

Shangazi yangu alipopasuliwa kidole tumbo katika hospitali moja mjini Arua, tulikuwa hatujakaa sana tangu kurudi kutoka ukimbizini. Aliingia wodini na leso, birika, na kopo la majani ya chai lililojaa vidonge vya antibiotiki vyenye ganda la rangi mbili, nusu jekundu nusu jeusi. Alikuwa mjane wa askari, akiuza vitenge sokoni Koboko, na vidonge hivyo vilivuka mpaka wa Zaire pamoja na vitenge vyake. Alimeza kwa mafua, kwa tumbo, kwa jino. Kidonda alikifungulia kidonge, akanyunyiza unga wake kama mtu anayetia samaki chumvi.

Mimi ndiye niliyemuuguza, nikilala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Haukupita muda nikaona anagawa vidonge wodi nzima, huyu kimoja, yule viwili.

“Shangazi, daktari akijua?”

“Daktari iko na wagonjwa mingi,” akanijibu. “Mimi nasaidia yeye.”

Kisha mshono wake ukavimba, ukatoa usaha. Jirani wa kulia naye vilevile, halafu wa kushoto, aliyepasuliwa mguu. Daktari akabadilisha dawa, wapi. Asubuhi moja amesimama kati ya vitanda akikuna kichwa, bibi mmoja kutoka Logiri akamhurumia.

“Daktari, dawa yako hapana nguvu. Ongeza ile ya Mama, ya rangi mbili. Lakini hata yenyewe imechoka.”

Shangazi akajifunika leso usoni na kuanza kukoroma.

Daktari akapitisha mkono chini ya godoro lake, akatoa kopo. Hakufoka. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

“Mama, wadudu hawa walioingia vidondani hukuwatoa Koboko. Ni wa humu wodini. Wanapita mikononi mwetu, na katika beseni moja tunalooshea vidonda vya wote. Vidonge hivi wamevionja kidogo kidogo mpaka wamevizoea. Sasa vikija, wanacheka.”

Jicho moja likachungulia. “Kumbe iko wadudu yako?”

“Wa kwangu,” daktari akakubali. “Ila wewe umewanenepesha.”

Kopo likaenda naye. Mshono ukafunguliwa, ukasafishwa, zikaja sindano za aina nyingine zilizomfanya Shangazi amtaje kila nabii. Mabeseni yakaanza kuchemshwa. Alipona polepole. Jirani wa kushoto tulimwacha pale pale kitandani, na baadaye nilisikia kwamba mguu wake haukunyooka tena. Shangazi hakupenda tulizungumzie hilo.

Siku zake za mwisho wodini alizitumia kulinda ndoo ya maji na sabuni iliyowekwa mlangoni.

“Wewe, dada, mikono,” alimwambia nesi. Daktari naye alirudishwa mlangoni, mbele ya wanafunzi wake, akanawa.

Tulipoondoka, manesi walitusindikiza mpaka getini. Nadhani walitaka kuhakikisha kwamba kweli tumeondoka.